Leo Mchana Imenyesha Wapi?

Mjomba wangu alikuwa mvuvi wa dagaa katika mwalo mmoja wa Muleba, chini ya mteremko mkali wa Kamachumu. Kila alipopanda kuja kwetu kuchukua ndizi na maharage ya wiki, aliketi kwenye kigoda barazani, akapokea maji kwa mikono miwili, akamsalimu mama, kisha akauliza swali lile lile: "Dada, leo mchana imenyesha wapi?"

Hakuuliza kama itanyesha. Hakuuliza hata kama imenyesha kwetu. Alitaka kujua ni wapi. Mama, aliyeshinda kibanjani na ambaye kutoka kule juu aliona mbali, alimjibu kwa kadiri alivyoona: Biharamulo kumekuwa kweusi tangu saa nane, au, upande wa Karagwe kumenguruma mpaka jua linakaribia kuzama, au, leo ni pakavu kote, hata wingu la kuazima hakuna. Jibu likiwa la Biharamulo na Karagwe, mjomba alilala kwetu, na mtumbwi wake ukalala mchangani.

Nikiwa mtoto niliona ni vituko. Mvua imenyesha Biharamulo, tena mchana, tena nchi kavu. Inamhusu nini mtu anayekwenda kuvua usiku, mashariki, katikati ya maji?

Baadaye nilisoma. Nikafundisha jiografia sekondari huko huko Muleba kwa miaka 27, nikichora ubaoni mishale ya upepo wa ziwani na upepo wa nchi kavu, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuiunganisha mishale ile na swali la mjomba. Nimeiunganisha nikiwa nimeshastaafu, naishi Bukoba, Nyamkazi, kisiwa cha Musira kikiwa mbele ya macho yangu na kipimamvua kikiwa uani karibu na kamba ya nguo. Naandika kwa sababu mwana wa kaka yangu naye ni mvuvi sasa, na kwa sababu wengi wanaolitegemea ziwa hili hawajawahi kuelezwa jinsi dhoruba zake zinavyozaliwa.

Tuanze na maji yenyewe. Ziwa Victoria lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800, nalo limekaa mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa upana huo wote kina chake ni kifupi: wastani wa mita 40, na pale palipozama kuliko kote ni mita 80 hivi. Maji mengi namna hiyo, chini ya jua la ikweta, hukaa na joto la nyuzi 24 hadi 26 mchana na usiku. Nchi kavu haina uvumilivu huo. Jua likipiga, inachemka upesi. Jua likizama, inapoa upesi. Ukikaa kimya ndani ya nyumba ya bati saa tatu usiku utasikia bati likilia ta, ta, ta. Linapoa, linajikunja. Ardhi nayo inapoa vivyo hivyo, ila yenyewe hailii. Ikifika saa sita usiku, mtu wa Kamachumu ameshavuta blanketi la pili, na maji ya ziwa bado ni vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto.

Hewa iliyo juu ya maji hayo vuguvugu huwa nyepesi, inainuka. Hewa baridi ya nchi kavu ni nzito, nayo huteremka mabondeni na kwenye miteremko kwenda kuziba pengo. Huo ndio upepo wa nchi kavu, ambao mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili anaweza kukuchorea. Asichochora ni kwamba upepo huo unaondoka Bukoba na Muleba, lakini saa hizo hizo unaondoka pia Mwanza, Musoma, Kisumu na Entebbe, na wote unaelekea ziwani. Fikiria uwanja wenye milango pande zote, watu wanaingia kwa milango yote na hakuna anayetoka. Pakijaa, pa kwenda ni juu.

Na hewa hiyo haipandi mikono mitupu. Imebeba mvuke uliofyonzwa kutoka ziwani. Inavyopanda inapoa, na mvuke unageuka kuwa matone. Hapa ndipo penye siri ya nguvu za dhoruba, na hapa ndipo wanafunzi wangu walipokuwa wakiacha kusinzia, kwa sababu niliwapigia hesabu ya umeme. Mvuke unapogeuka kuwa maji hutoa joto. Kila lita moja ya mvua imetoa huko juu joto linalokaribia uniti 0.7, uniti hizi hizi tunazonunua kwa LUKU. Mvua ya milimita 20, ambayo kwetu ni mvua ya kawaida tu, ikinyesha kwenye kilomita moja ya mraba ni lita milioni 20. Zidisha: uniti milioni 14, kwa kilomita moja, na wingu kubwa la radi hufunika makumi ya kilomita za mraba. Joto hilo hubaki ndani ya wingu, huifanya hewa izidi kuwa nyepesi, izidi kupanda, ivute hewa nyingine yenye mvuke kutoka chini, nayo ipande. Wingu hujilisha lenyewe hivyo mpaka kilele chake kipite kilomita 15 kwenda juu. Huko hugonga tabaka la hewa lisilopenyeka, na kichwa chake hutandazika bapa kama fuawe la mhunzi.

Haya yote hutokea watu wamelala. Mawingu huanza kujikusanya usiku, na mara nyingi huanzia upande wa mashariki wa ziwa. Hukomaa kati ya usiku wa manane na alfajiri, na pepo za mashariki na kusini-mashariki zinazovuma kanda hii huyasukuma magharibi. Magharibi ni sisi. Ndiyo maana mvua ya Bukoba ina tabia ya kuja asubuhi, mtoto anafika shule ameloa chapachapa, ilhali miji mingi ya Tanzania hunyeshewa alasiri. Ndiyo maana pia Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati Musoma, ng'ambo ya maji yale yale, haifikii nusu ya hizo. Mchana mambo hugeuka: upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, ukipanda miteremko, na dhoruba huzaliwa huko. Kericho na Nandi, nchini Kenya, hupigwa alasiri, tena kwa mvua ya mawe kali kiasi kwamba katika miaka ya 1960 wenye mashamba ya chai walifikia kuyarushia mawingu roketi na kuyamwagia kemikali kwa ndege. Ziwa ni moja, Kericho anakula mchana na Bukoba anakula asubuhi.

Asubuhi ya Jumapili, Novemba 6, 2022, nilikuwa nyumbani nasubiri mvua ipungue niende kanisani. Kabla ya saa tatu, ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 iliangukia ziwani, karibu kabisa na uwanja wetu ambao njia yake ya kurukia imefika hadi ufukweni. Watu 19 walikufa, 24 wakaokoka. Waliowahi kufika ni wavuvi kwa mitumbwi yao, na mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, taifa zima lililijua jina lake siku ile. Kesho yake watu walijaa uwanja wa michezo wa Kaitaba kuaga miili. Sisemi kwamba dhoruba ndiyo iliyoiangusha ndege ile. Sababu za ajali ni kazi ya wachunguzi. Nasema tu kwamba hali mbaya ya hewa iliyokuwapo asubuhi ile ilikuja katika saa zake, saa ambazo ziwa hili huifikishia Bukoba yale liliyoyapika usiku. Tangu siku ile nikisikia ngurumo saa moja asubuhi natoka kutazama upande wa uwanja wa ndege. Siwezi kujizuia.

Lakini asubuhi ni mwisho wa hadithi. Mvuvi wa dagaa yuko majini tangu mwanzo wake, kwa sababu dagaa huvuliwa usiku, tena usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawazifuati taa. Kwa hiyo kazi yenyewe inamtaka mtu awe katikati ya ziwa saa zile zile ambazo ziwa linajenga mawingu, na zaidi awe huko katika usiku ambao hauonyeshi wingu.

Mjomba alitusimulia usiku wake wa kisiwa cha Bumbire mara moja tu, akiwa mzee, na hakuna aliyemwomba arudie. Walikuwa wanne. Taa zilikuwa zinaelea, nyavu zimeshashuka. Kwanza, alisema, nyota za mashariki zilianza kuzimika, si zote, bali safu kwa safu kutoka chini, kama mtu anayekunja jamvi. Kisha wakaona umeme usio na sauti. Mmoja akasema uko mbali, wa Ukerewe huo. Kisha upepo wote ukakatika, ziwa likatulia kama uji uliopoa, na joto likawa la kutoa jasho. Wakafurahi, maana maji yaliyotulia ni mazuri kwa taa. Halafu mjomba akahisi baridi kwenye sikio. Sikio moja tu, la upande wa mashariki. Akasema, vuteni nyavu, na kabla hawajafika nusu, kukawa na mvumo kama wa lori linalopanda mlima. "Mvua ilikuja baadaye," alisema. "Mvua ilitukuta tumeshapinduka." Waliushikilia mtumbwi mpaka kulipokucha, mtumbwi mwingine ukawaona. Walirudi wawili.

Kila alichokieleza kina maelezo yake. Nyota zilizimwa na kichwa bapa cha wingu, ambacho hutangulia mbele ya dhoruba yenyewe. Umeme huonekana kutoka mbali sana usiku, ila ngurumo kwa kawaida haisikiki ikishapita kilomita 15 au 20. Kwa hiyo umeme wa kimya hausemi kwamba dhoruba inakwenda kwingine, unasema tu kwamba haijafika. Utulivu ule ni wa muda ambapo upepo wa kawaida unapambana na hewa inayovutwa na wingu, nguvu zikalingana. Na baridi ya sikio ndiyo hatari yenyewe.

Wingu lililobeba maji na barafu nyingi hufika mahali halibebi tena. Mvua na mawe vinapoanguka, vinaikokota hewa kwenda chini pamoja navyo. Sehemu ya matone hukauka njiani, na kukauka kwa maji hupoza hewa, kama unavyohisi baridi ukitoka kuoga. Hewa iliyopoa ni nzito, inazidi kuporomoka. Mwaga ndoo ya maji kwenye sakafu ya saruji uone yanavyofanya: hayatulii pale yalipoangukia, yanatimka pande zote. Hewa nayo ikigonga ziwa hutimka hivyo, ikitangulia mvua kwa kilomita kadhaa, pengine kumi na zaidi, kwa mwendo unaoweza kufikia kilomita 60 hadi 100 kwa saa. Wavuvi wengi niliozungumza nao wanaogopa mvua. Mvua ya ziwani yenyewe humlowesha mtu tu. Kinachopindua mitumbwi ni upepo huu unaoitangulia, na anayeusubiri kwa kutazama mvua inakaribia huwa anatazama kitu kilicho nyuma ya hatari.

Mawimbi yake nayo si kama ya baharini. Ya huku ni mafupi, yamesimama wima, yamefuatana bila nafasi. Mtumbwi mwembamba uliojaa nyavu unapanda la kwanza, unaangukia katikati, na la pili linaingia ndani kabla haujainuka. Ndani ya mtumbwi mtu anaweza kuwa na laifujaketi na asiwe ameivaa, kwa sababu inamsumbua kuvuta nyavu. Nimewaona wakiikalia kama mto. Mwana wa kaka yangu nilimwambia waziwazi kwamba upepo wa aina ile haumpi mtu dakika ya kufunga kamba za kifuani, na nilimwambia nikiwa nimemshika mkono.

Hapa niseme neno kuhusu MV Bukoba, maana nikizungumza habari hizi sipati kumaliza bila mtu kuitaja. Meli ile iliyozama karibu na Mwanza, Mei 21, 1996, ikiwa imetoka kwetu, haikuzamishwa na dhoruba. Ilikuwa imejaza watu kupita kiasi, ikapoteza mizani. Tukiupa kila msiba wa ziwani jina la upepo, tunawasamehe wanaojaza vyombo, na tunalisingizia ziwa.

Vivyo hivyo na neno kimbunga. Siku hizi bati moja likiruka, redio inasema kimbunga kimeikumba Muleba. Kimbunga ni mfumo mkubwa wa mamia ya kilomita, unaozaliwa baharini na kuzunguka kwa siku nyingi, kama Hidaya, kilichofika Mafia Mei 2024. Kinahitaji bahari yenye joto, na kinahitaji mzunguko wa dunia ukisaidie kugeuka, msaada ambao hupotea kabisa kwenye ikweta. Ikweta inapita juu ya ziwa letu upande wa kaskazini. Kimbunga hakiwezi kuzaliwa hapa. Tunachokipata ni dhoruba za radi, ambazo huishi saa chache tu. Udogo huo ndio unaotuponza: kimbunga Hidaya kilitangazwa siku kadhaa kabla, lakini dhoruba ya Bumbire haikuwapo wakati mjomba anakula chakula cha jioni.

Mara nyingine ziwa hutoa chamchela, mkia mwembamba unaoshuka kutoka wingu mpaka majini ukizunguka. Usiuchanganye na zile nguzo nyeusi kama za moshi unazoziona nje ya Musira asubuhi zilizotulia. Zile ni wadudu wa ziwani, mamilioni kwa mamilioni, nao hawana madhara zaidi ya kuingia kwenye chai.

Radi inahitaji nafasi yake, kwa kuwa kwetu inaua mara mbili. Ndani ya wingu, punje za barafu zinazopanda hugongana na vijiwe vya barafu vinavyoshuka, na kila mgongano huhamisha chaji kidogo ya umeme. Sehemu ya juu ya wingu inabaki na aina moja, ya chini na nyingine, mpaka hewa ishindwe kuzitenganisha. Cheche inayopita ina joto la nyuzi 30,000 hivi, zaidi ya mara tano ya uso wa jua, na hewa inayopanuka kwa joto hilo ndiyo ngurumo. Sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde tatu, kwa hiyo hesabu tangu umeme mpaka ngurumo, ugawanye kwa tatu, utajua iko umbali gani. Hata hivyo ukishaisikia tu, uko ndani ya eneo lake. Ingia nyumba imara au ndani ya gari lililofungwa, si chini ya mti, si barazani. Mvuvi aliye katikati ya ziwa ndiye kitu kirefu kuliko vyote pale alipo.

Radi ya kuua mara ya pili ni ile ya maneno. Januari 2025, radi iliwaua wanafunzi saba wa sekondari wilayani Bukombe, mkoani Geita, wakiwa shuleni, na makumi wakajeruhiwa. Watoto wengi wamekusanyika mahali pamoja wakati wa dhoruba: hakuna anayehitaji kumtafuta mbaya wao. Lakini katika vijiji nilivyofundisha, radi ikipiga nyumba, kabla majivu hayajapoa kuna bibi mmoja anaanza kutazamwa. Macho mekundu ya moshi wa kuni, kidogo kidogo anakuwa ndiye aliyeituma. Nimewahi kukaa na bibi wa namna hiyo jikoni kwake wiki nzima, jirani zake hawamsalimii. Punje za barafu zilizogongana kilomita saba juu ya kichwa chake hazikuwa na habari naye. Hili nitalisema mpaka nife.

Wazee wetu Wahaya, kabla ya dini hizi, walimjua Mugasha, mwenye ziwa na mvua na upepo, yule yule ambaye Waganda wanamwita Mukasa wa visiwa vya Ssese. Sicheki habari hiyo. Watu wa pande mbili za ziwa waliona kwamba mvua yao na upepo wao vina bwana mmoja, na kwamba makao yake yako majini. Katika hilo waliona sawasawa.

Mvua ya mawe nayo inajua milima. Kwenye ikweta, barafu huanza kuyeyuka ikishuka chini ya kilomita nne na nusu au tano hivi. Jiwe linaloanguka Bukoba ufukweni lina safari ndefu zaidi ya kuyeyuka kuliko linaloanguka Kamachumu, ndiyo maana juu huko tuliyajua zaidi. Nakumbuka migomba baada ya dakika kumi za mawe: majani yamechanwa kama nyuzi, mikungu michanga imepigwa madoa meusi, na ile iliyokaribia kukomaa imelala chini na mgomba wake. Mama hakusema neno. Alichukua panga akaanza kukata ya kulisha ng'ombe. Lakini huko Mwakata, wilayani Kahama, usiku wa Machi 3, 2015, mvua ya mawe na upepo viliua watu zaidi ya 40, wengi wao wakiangukiwa na kuta za nyumba za udongo zilizolowa. Ukuta usio na msingi wa mawe, usio na bati lililotokeza vya kutosha kuukinga, ndio unaoua namna hiyo. Bati nalo huezuliwa kutoka chini: upepo huingia kwenye upenu au mlango uliobaki wazi, ukasukuma juu, na misumari peke yake haishiki. Fundi anayefunga kenchi kwa waya au bati la mkanda mpaka kwenye ukuta anakugharimu fedha kidogo zaidi. Mpe.

Sasa nirudi kwa mjomba. Mwaka 2016, watafiti wakiongozwa na Wim Thiery wa chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walichapisha utafiti uliotumia picha za satelaiti na hesabu za kompyuta kuzichunguza dhoruba za usiku za Ziwa Victoria. Waliona yale niliyoyaeleza, upepo wa pande zote unavyokutana majini usiku. Wakaona na jambo lingine: usiku wa dhoruba kali ziwani mara nyingi hutanguliwa na alasiri ya dhoruba nyingi nchi kavu kuzunguka ziwa. Ukizihesabu za mchana, unaweza kukisia za usiku.

Niliposoma hapo niliweka karatasi mezani nikatoka nje. Leo mchana imenyesha wapi? Mtu aliyeishia darasa la nne alikuwa na swali lile lile miaka 50 kabla ya utafiti ule, na alikuwa akilipandia mlima.

Utafiti ule ulikuwa na onyo pia. Joto la dunia likiendelea kupanda kama lilivyo, dhoruba kali za aina inayotokea sasa mara moja kwa miaka 15 zinaweza kuja karibu kila mwaka ifikapo mwisho wa karne hii. Tangu hapo kazi imefanyika. Januari 2019 ndege ya utafiti ya Uingereza iliruka kutoka Entebbe kulipima ziwa, upepo wake na mvuke wake. Chini ya mradi wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani ulioanza 2017, mamlaka za hali ya hewa za nchi zetu zilianza kutoa utabiri wa ziwa kwa maeneo, mchana na usiku, kwa lugha ambayo mvuvi anaielewa. Tathmini ya mradi huo ilikadiria kwamba vifo vya majini vinavyotokana na hali ya hewa vilipungua kwa karibu asilimia 30.

Mwanza kuna rada. Ni msaada mkubwa, lakini inafaa watu wa Bukoba wajue mipaka yake. Dunia ni mviringo, na mwale wa rada husafiri karibu kama kamba iliyonyooka. Ukifika juu ya Bukoba, kilomita 180 hivi kutoka Mwanza, umeshakuwa kilomita mbili na zaidi juu ya maji. Unaziona mvua zilizo ndani ya mawingu. Upepo ule unaotimka kama maji ya ndoo, ambao hukimbia chini kabisa, unapita chini ya mwale. Kwa hiyo utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, usikilizwe, na neno "tahadhari" likitajwa mtumbwi usishuke, lakini masikio na macho ya aliye mwaloni bado yana kazi.

Mwana wa kaka yangu yuko kisiwa cha Goziba siku hizi, mbali kabisa na nchi kavu, mahali ambapo magharibi yote ni mstari wa maji tu na mawingu ya Biharamulo hayaonekani vizuri. Anasikiliza redio, ana ujumbe wa simu wa hali ya hewa, na BMU yao, kikundi cha kusimamia mwalo, hubandika utabiri ubaoni. Lakini saa kumi na moja jioni, katika siku za giza, simu yangu hulia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba. Mmeshindaje?"

"Salama. Shangazi, leo mchana imenyesha wapi?"

Kabla hajapiga nimeshampigia dada yangu wa Kamachumu, na rafiki niliyefundisha naye aliyehamia Biharamulo. Juzi wote wawili waliniambia kumekuwa kweusi tangu saa nane. Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, nikasikia nyuma yake injini ikizimwa, na mtu akiuliza kwani vipi.

"Amesema tulale," akamjibu.